Betri Iliyovuja Kwenye Pinboli ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mashine za pinboli za elektroniki, zile zilizoenea kuanzia mwaka 1977, zenye bodi ya kompyuta na betri ya kutunza kumbukumbu. Mashine za kabla ya hapo ziliendeshwa kwa rilei na swichi. Hazina betri, na ugonjwa huu hauzihusu.

Kwa nini kona moja tu ya bodi imeota kijani, na kwingine ni safi?

Kwa sababu betri inakaa hapo. Kazi yake ni kutunza rekodi za alama, mizunguko iliyolipiwa na hesabu za mashine wakati umeme umezimwa. Watengenezaji Bally na Stern wa enzi hizo walichomelea betri ya nikeli-kadmi ya volti 3.6 juu ya bodi yenyewe, na Gottlieb wakafanya hivyo kwenye System 80 ("System" na namba yake ni jina la kizazi cha bodi). Williams tangu System 3, na Data East baadaye, waliweka kishikio cha betri tatu za AA.

Ziwe za nikeli-kadmi au za alkalini, zote zina potasiamu hidroksidi ndani. Muhuri wa betri ukichoka, maji yake hutoka. Yakifyonza kaboni dioksidi hewani hugeuka unga mweupe. Yakila shaba, shaba huota kijani au buluu.

Bodi husimama wima ndani ya kichwa cha mashine, kwa hiyo kilicho chini ya betri huumia zaidi. Ila usidanganywe na ukubwa wa doa. Kemikali hii hutambaa: hupita chini ya rangi ya kinga ya bodi, hupanda miguu ya chipu, huingia ndani ya soketi, na huweza kupenya ndani ya ganda la waya hadi sentimita kadhaa kutoka kwenye konekta.

Watu husema ni tindikali. Si nimwagie magadi soda?

Hapana. Kosa hili limeharibu muda wa mafundi wengi. Magadi soda hutuliza tindikali ya betri za gari. Kinachotoka kwenye betri za pinboli ni alkali, na alkali hutulizwa kwa tindikali dhaifu. Siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi ya asetiki asilimia 5, inatosha. Changanya siki na maji nusu kwa nusu. Usitafute tindikali kali zaidi ukidhani itaharakisha kazi. Itakula shaba uliyotaka kuiokoa.

Mashine bado inacheza vizuri. Naweza kuiacha hivyo?

Betri itoe leo, hata kama kazi ya kusafisha utaifanya mwezi ujao. Mashine ya Bally au Stern hucheza bila betri yoyote, kwa sababu mipangilio yake mikuu iko kwenye swichi ndogo za bodini. Utapoteza rekodi za alama na hesabu tu. Williams za System 3 hadi 7, zisipokuwa na betri, huwaka zikiwa kwenye hali ya kuonyesha hesabu badala ya kusubiri mchezaji. Fungua mlango wa sarafu, zima na uwashe haraka, zitarudi kawaida.

Kutoa betri hakusimamishi ulikaji. Mabaki yaliyobaki bodini huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula polepole. Ila umefunga bomba.

Nitajuaje uharibifu umefika wapi?

Toa bodi, iweke kwenye mwanga wa pembeni, shika lenzi na sindano. Risasi ya kulehemu, ile inayoshikilia miguu ya vifaa bodini, ikiwa na afya inang'aa. Iliyoguswa na alkali ni ya kijivu isiyo na mng'ao, kama majivu. Gusa mguu wa chipu kwa ncha ya sindano. Ukivunjika kama kijiti kikavu, au ukibaki na kidoto cheusi pale unapoingia kwenye mwili wa chipu, hiyo chipu hesabu imekwenda hata kama leo inafanya kazi.

Tazama rangi ya kinga juu ya njia za shaba. Ikiwa imevimba au imekuwa nyeusi chini yake, shaba inalika kwa ndani. Ikwangue kidogo: shaba ya waridi inayong'aa ni salama, nyeusi inahitaji kazi, na ukikuta unga wa kijani tu bila chuma, njia imekatika. Chomoa pia chipu zilizo kwenye soketi za jirani na uchungulie ndani ya matundu. Kijani humo ndani ni hukumu ya soketi nzima.

Niandae vifaa gani?

Maltimita, chuma cha kulehemu chenye kurekebishwa joto (nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi hutosha), pampu ya kunyonya risasi, utepe wa shaba wa kufyonzea, flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), risasi ya 60/40 au 63/37, koleo ndogo ya kukatia, mswaki wa zamani, siki, maji yaliyokenekwa, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, msasa laini wa namba 400 na 600, na kalamu ya nyuzi za kioo ya kukwangulia. Vaa glavu, miwani ya kinga na barakoa. Nyuzi za ile kalamu huingia kwenye ngozi na hazionekani, na vumbi la bodi lina risasi ndani yake. Usilipulize kwa mdomo.

Hatua za kusafisha ni zipi, kwa mpangilio?

Chomoa plagi ya umeme ukutani, usitegemee swichi ya mashine. Saketi ya vioo vya alama ina volti kubwa, takriban 190 kwenye Bally, na kapasita zake hubaki na chaji kwa muda. Ngoja dakika chache. Piga picha ya kila konekta kabla ya kuichomoa. Konekta nyingi hufanana na waya za rangi hufifia.

Bodi ikiwa mezani, kata betri na kuiweka kando. Chomoa chipu zote za kwenye soketi, ukiandika kila moja ilikaa wapi na kichwa chake kilielekea upande gani.

Kisha ng'oa kila kilicholika, kabla ya kuosha. Wengi hurudi nyuma hapa kwa huruma. Kapasita, rezista iliyopoteza rangi zake, transista zenye miguu ya kijani, soketi, pini za konekta: vyote vitoke. Chini yake ndiko alkali imejificha, na siki haitafika ukiviacha. Kwa chipu iliyochomelewa usijaribu kuitoa nzima. Kata miguu yake yote karibu na mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa chuma cha moto na kibano. Chipu nyingi zinapatikana. Pedi ya shaba, kile kiduara cha bodini kinachoshika mguu, ikibanduka hainunuliwi.

Kwangua risasi ya kijivu na unga kwa kalamu ya nyuzi za kioo hadi uone chuma. Paka mchanganyiko wa siki kwa mswaki, upande wa mbele na wa nyuma. Pale palipoungua utaona povu dogo. Ngoja dakika 5, sugua, paka tena. Povu likikoma, acha. Usiiloweke bodi usiku kucha.

Suuza kwa maji mengi ya bomba, kisha mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Siki iliyobaki ni tatizo jipya, kwa hiyo hatua hii isifanywe kwa haraka. Mwagia alkoholi ya isopropili ili ifukuze maji chini ya vifaa na ndani ya swichi ndogo. Kausha saa 24 mahali pakavu penye hewa, au kwa joto la nyuzi 50 hadi 60.

Bodi ikikauka, piga msasa njia za shaba zilizokuwa nyeusi hadi zing'ae, halafu zipake flaksi na tabaka jembamba la risasi siku hiyohiyo. Shaba tupu iliyoachwa wiki nzima hupoteza mng'ao, na utaanza upya.

Risasi inateleza na kujikunja kama tone la maji. Kwa nini haishiki?

Kwa sababu chini yake hakuna chuma safi. Oksidi na chumvi za shaba hazikubali risasi, na kuongeza joto hakusaidii: utaunguza gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi na pedi itabanduka. Rudi kwenye kukwangua. Panapong'aa, risasi hutambaa yenyewe ndani ya sekunde mbili.

Kwa risasi ya zamani ya kijivu isiyotaka kuyeyuka, ongeza risasi mpya kidogo na flaksi juu yake, iyeyushe yote pamoja, kisha inyonye. Wakati mwingine inabidi kurudia mara tatu.

Njia ya shaba imekatika. Naiungaje?

Kwa njia za ishara, waya mwembamba wa namba 30, ule wa kusokotea wenye kipenyo cha robo milimita hivi, unafaa. Usiunganishe kwenye kidonda chenyewe. Tafuta pedi nzima ya upande huu na pedi nzima ya upande ule, na upitishe waya kati yake, ukiulaza kando ya njia ya asili ili atakayekuja baadaye aelewe. Njia za volti 5 na za ardhi zinahitaji waya mnene zaidi, maana zinabeba mkondo wa bodi nzima.

Sahau kalamu za wino wa fedha. Hazivumilii joto la kulehemu na hupasuka.

Angalia pia yale matundu yanayounganisha mbele na nyuma. Ndani yake kuna bomba jembamba la shaba, na alkali hulila kabla ya kitu kingine. Bodi inaweza kuonekana nzima pande zote mbili na bado ishara isipite. Pitisha uzi mmoja wa waya ndani ya tundu na uuchomelee pande zote mbili.

Kabla ya kurudisha kifaa chochote, pima kila njia ya eneo lililosafishwa ukiwa na mchoro wa saketi mbele yako: kwanza kama inafika inakokwenda, pili kama haigusani na jirani yake. Watu hupima la kwanza na kusahau la pili. Kazi hii huchukua saa moja au mbili, na inaokoa siku nzima za kubahatisha.

Nibadilishe soketi hata kama chipu zake hazikuguswa?

Zilizo ndani ya eneo la kijani, ndiyo, bila mjadala. Weka zenye pini za mviringo au zile zinazobana mguu wa chipu pande mbili. Kwenye Williams za System 3 hadi 7 kuna soketi za chapa ya Scanbe, ambazo zina sifa mbaya hata bila betri kuvuja. Ukiwa umeshashika chuma cha moto, zibadilishe.

Na konekta?

Badilisha pande mbili: pini za kwenye bodi na terminali za kwenye waya. Ukibadilisha pini peke yake, terminali chafu itailamba pini mpya na kuirudisha kwenye ugonjwa. Pima umbali kati ya pini kabla ya kununua: bodi ya kompyuta ya Bally hutumia milimita 2.54, na konekta nyingi nene za Williams na nyinginezo ni milimita 3.96.

Menya ganda la waya mahali unapokata. Nyuzi zikiwa nyeusi, rudi nyuma sentimita moja na ukate tena, hadi ukutane na shaba inayong'aa. Waya mweusi hauwezi kulehemiwa wala kubanwa ukashika. Ukiwa mfupi, unga kipande kipya na uufunike kwa mrija unaosinyaa kwa joto.

Nimesafisha bodi ya Bally, lakini mashine haiwaki. Nianzie wapi?

Anza na taa ndogo ya LED iliyo kwenye bodi. Ukiwasha, hupepesa haraka mara moja kisha huwaka na kuzima mara saba, na kila mwako ni jaribio lililopita. Wa kwanza ni ROM (chipu za programu), wa pili ni RAM (chipu ya kumbukumbu) ya 6810 kwenye U7 (U na namba ni jina la mahali pa chipu bodini), wa tatu ni RAM ya 5101 kwenye U8, wa nne na wa tano ni chipu za 6821 kwenye U10 na U11, wa sita ni saketi ya kusukuma vioo vya alama, na wa saba unathibitisha kwamba volti 43 za koili zimefika. Ikisimama baada ya miwako mitatu, mshukiwa wako ni U10, soketi yake au njia zake. Bodi za Stern za MPU-100 na MPU-200 zinafuata mtindo huohuo.

Ukipima bodi mezani kwa volti 5 na 12, utapata miwako sita tu. Hiyo si hitilafu: volti 43 hazipo mezani, kwa hiyo wa saba hauwezi kuja. Volti 12 usiziache, kwani saketi ya kuamsha kompyuta inazitegemea.

LED ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, kompyuta haijaanza kazi. Baada ya betri kuvuja, chanzo cha kawaida ni saketi hiyo ya kuamsha, ambayo kwa bahati mbaya iko jirani kabisa na betri. Pima mguu wa 40 wa chipu ya 6800, ambayo ndiyo kompyuta yenyewe, ukilinganisha na ardhi kwenye mguu wa 1. Lazima upande hadi karibu volti 5 na ubaki hapo. Ukisoma sifuri, badilisha transista, rezista na dayodi zote za kona hiyo, pamoja na dayodi ya zena ya volti 8.2. Ni vifaa rahisi, na kuvipima kimoja kimoja hupoteza muda kuliko kuviweka vipya. Mguu wa 8 nao uwe na volti 4.9 hadi 5.2, ukiwa chini ya hapo, njia au konekta ya volti 5 bado inalika.

Kwenye Williams WPC (bodi zao za baadaye), swichi zinajibu ovyo: nikigusa moja, nyingine inaitika. Ni betri?

Mara nyingi ni betri. Kwenye bodi ya kompyuta ya WPC, kishikio cha AA ni jirani wa saketi ya kusoma swichi. Safu za swichi husukumwa na chipu ya ULN2803 kwenye U20 na husomwa na chipu za LM339. Kabla ya kushika chuma, chomoa konekta za swichi bodini na uingie kwenye jaribio la swichi. Kosa likibaki, liko kwenye bodi. Likiondoka, tafuta waya au swichi iliyogusana huko chini kwenye uwanja wa kuchezea. Kwenye bodi, badilisha U20 na LM339 zenye miguu ya kijivu, na uziweke kwenye soketi.

Naweza kuiosha kwa mashine ya vyombo au ya mawimbi ya sauti?

Mashine ya vyombo: hapana, sabuni yake ni alkali kali, ndicho kitu unachokimbia. Ya mawimbi ya sauti hufanya kazi nzuri, lakini baada ya kung'oa vilivyolika, si badala yake.

Ni lini niache na kununua bodi mpya?

Hesabu vidonda. Kona iliyolika yenye njia 10 za kuunga bado ina faida. Alkali ikipita chini ya chipu tatu nne kubwa na pedi zinabanduka kila ukigusa, kununua bodi mpya ya kisasa ni busara zaidi, na ya zamani uihifadhi kwa ajili ya chipu zake. Gottlieb System 1 ni kesi ya pekee: inategemea chipu za Rockwell ambazo hazitengenezwi tena, kwa hiyo zikilika miguu, kuokoa bodi ya asili ni kazi ya mapenzi tu.

Nikimaliza, niweke betri gani?

Yoyote, mradi isiwe juu ya bodi. Kishikio cha AA tatu chenye waya mrefu, kikafungwa sehemu ya chini ambapo kikivuja hakitadondokea bodi yoyote, ndicho rahisi. Kwenye Bally, Stern na System 80 ongeza dayodi ya 1N5817 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya, mstari wake ukielekea bodi. Bodi hizo huchaji betri, na AA ya alkalini ikichajiwa huvuja. Andika tarehe kwenye betri na ubadilishe kila mwaka.

Kwenye bodi zinazochaji unaweza pia kuweka kapasita ya kumbukumbu ya faradi 1, volti 5.5. Haivuji alkali, ila mashine isipowashwa kwa muda mrefu itasahau. Betri ya lithiamu ya sarafu inadumu, lakini kamwe isichajiwe. Dayodi ni lazima.

Suluhisho zuri kuliko yote ni RAM isiyosahau, inayoingia mahali pa 5101 au 6264 na kuondoa betri kabisa. Kwenye WPC saa ya ndani itapotea kila ukizima, lakini rekodi zitabaki.

Betri ni mpya lakini mashine inasahau kila ikizimwa.

Zima mashine, pima kwenye RAM yenyewe. Kwa 5101, mguu wa 22 ukilinganisha na wa 8. Kwa 6264, wa 28 na wa 14. AA tatu nzima zinapaswa kukupa takriban volti 4, baada ya dayodi kuchukua sehemu yake. Ukikuta sifuri wakati kishikio kina 4.5, dayodi au njia imekatika.

Kwa Williams na Data East, fanya na kinyume chake: toa betri, washa mashine, pima kwenye kishikio. Isomeke karibu na sifuri. Ukiona karibu volti 5, dayodi imekufa na inapitisha umeme pande zote, na bodi ilikuwa ikichaji AA zako. Huenda ndivyo zile za kwanza zilivyovuja.

Volti zikiwa sawa na bado inasahau kwenye Williams, angalia mlango wa sarafu. Kuna swichi pale inayofunga kumbukumbu mlango ukiwa umefungwa. Ukibadilisha mipangilio mlango umefungwa, haiandikwi.